Si kila mtu anahitaji glasi nane za maji

Msomaji mmoja wa Kericho ameniandikia akieleza masaibu yake. Yeye ni dereva wa matatu zinazohudumu kati ya mji huo na Nakuru. Tangu Januari amekuwa akijilazimisha kunywa glasi nane za maji kila siku, kwa kuwa mkewe alisikia redioni kwamba asiyefanya hivyo huharibikiwa na figo. Kuhusu figo hajui, asema, lakini abiria wamechoka naye kwa kusimamisha gari kando ya vichaka mara tatu katika safari moja, na mwenye gari ametishia kumpa mtu mwingine ufunguo. Anataka kujua kama akiacha kuzihesabu glasi hizo atapatwa na madhara. Ana na swali la pili kuhusu chupa yake ya maji, nalo nitalifikia mwishoni.

Ndugu dereva, hutapatwa na madhara yoyote. Ila usinicheke nikikiri kwamba mimi mwenyewe, kwa zaidi ya miaka kumi tangu nilipohitimu, niliwaambia wagonjwa maneno yayo hayo. "Kunywa maji mengi, glasi nane kwa siku," nilikuwa nikisema huku nikiandika dawa, bila hata kumtazama ninayemwambia. Ulikuwa ushauri rahisi. Haukugharimu kitu, mgonjwa aliridhika, nami nikamwita anayefuata. Walionifundisha kwamba jambo lenyewe si rahisi hivyo ni wagonjwa, na wawili kati yao nitawaeleza leo.

Hebu kwanza tuone hesabu hii ilitoka wapi. Mwaka 1945 halmashauri ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima huhitaji takriban lita mbili na nusu za maji kwa siku, yaani mililita moja kwa kila kalori ya chakula anachokula. Papo hapo, katika sentensi iliyofuata, ikaeleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu waliishika sentensi ya kwanza, ile ya pili wakaiacha. Mwaka 2002 Dkt Heinz Valtin, mtaalamu wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza kazi ya figo, alipekua maandishi ya kisayansi akitafuta ushahidi wa glasi nane. Hakuupata.

Miaka ishirini baadaye, mnamo 2022, jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliohusisha watu 5,604 kutoka nchi 23, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 96. Watafiti walipima jinsi maji yanavyoingia na kutoka mwilini, wakaona tofauti kubwa mno baina ya mtu na mtu. Umri, ukubwa wa mwili, kazi anayofanya mtu, joto na unyevu wa mahali anapoishi, yote hayo yalibadilisha kiasi anachohitaji. Kipimo kimoja cha kumfaa kila mtu hakikuonekana.

Utasema, basi daktari, tupe angalau makadirio. Haya. Mamlaka ya Ulaya inayoshughulikia usalama wa chakula ilipendekeza mwaka 2010 lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume kila siku, kwa watu wasioishi katika joto kali wala kufanya kazi za sulubu. Lakini angalia vizuri: hapo wamehesabu kila kitu. Wamehesabu maji, chai, maziwa, uji, mchuzi, na maji yaliyomo ndani ya chakula chenyewe. Na chakula chetu kina maji kuliko tunavyodhani. Ugali ulio mezani, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji uliyoyachemsha wewe mwenyewe kabla ya kutia unga. Githeri ni vivyo hivyo. Nyanya na tikitimaji ni maji zaidi ya sehemu tisa kwa kumi.

Kuhusu chai, kuna imani kwamba hukausha mwili na kwamba kila kikombe kinapaswa kulipiwa kwa glasi ya maji. Si kweli. Kafeini iliyomo inaweza kumharakisha mtu kidogo kwenda msalani, lakini mnywaji wa kawaida hubaki na sehemu kubwa ya maji aliyoyanywa. Kikombe cha chai ya maziwa ni kikombe cha maji. Kinachostahili kuhesabiwa hapo ni vijiko vya sukari. Soda ni maji pia, ila chupa ya mililita 300 huwa na sukari inayokaribia vijiko saba au vinane vya chai, na sijui nyumba ambapo mtu angetia vijiko vinane katika kikombe mbele ya wageni.

Kama kuna watu ambao tungetarajia wazihesabu glasi, ni wanariadha wetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata wakimbiaji 14 hodari wa Kenya katika maisha yao ya kawaida ya mazoezi. Hawakuwa na ratiba ya maji. Walikunywa maji na chai ya maziwa walipotaka, na wakati wa mazoezi yenyewe walikunywa kidogo sana. Hata hivyo kiasi cha maji katika miili yao hakikupungua siku hadi siku. Kilichowaongoza ni kiu. Maumbile yametupa ubongoni chombo cha kupima damu, na damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, mtu huanza kutamani maji. Wale wanaodai kwamba ukisikia kiu umekwisha chelewa wanawatisha watu bure. Mtu mzima mwenye afya aliye na maji safi karibu naye hachelewi.

Kwa hiyo kama ni nyongeza ya glasi mbili tatu tu, si ningenyamaza? Nani aliyewahi kudhurika kwa kunywa maji? Hivyo ndivyo nilivyofikiri mpaka alipoletwa mwalimu mmoja mstaafu.

Mzee huyu alikuwa mgonjwa wangu wa miaka mingi. Moyo wake ulikuwa umedhoofika kwa sababu ya presha aliyoishi nayo muda mrefu kabla ya kutibiwa, na moyo uliodhoofika haumudu kusukuma maji mengi. Nilikuwa nimempimia kiasi cha kunywa na kumpa tembe za kutoa maji mwilini. Alikuwa akiendelea vizuri, analima bustani yake, anakwenda kanisani kwa miguu. Asubuhi hiyo aliingia ameshikwa mikono na vijana wawili. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, kidole changu kikiacha shimo kila nilipobonyeza. Alikuwa amelala kwa kuketi usiku wa tatu mfululizo kwa sababu akijinyoosha pumzi zilikata.

Nilipomuuliza kilichotokea, alisema binti yake aliye Nairobi alikuwa amemtumia ujumbe kwa simu unaoeleza kwamba maji ya uvuguvugu, glasi nne kabla ya kiamsha kinywa na nyingine nane mchana kutwa, husafisha moyo, figo na ini. Binti mwenyewe alikuwa akilipia mitungi ya maji ya kununua iletwe nyumbani.

"Na zile tembe, Mwalimu?"

"Daktari, binti yangu ananunua maji ili niyanywe. Kisha nimeze tembe za kuyamwaga?"

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amefikiri sawasawa kulingana na alivyoambiwa. Tulimlaza hospitalini siku tisa, na katika siku hizo alipungua karibu kilo nane, ambazo zote zilikuwa maji. Alipona. Kilichonichoma ni kukumbuka kwamba maneno ya binti huyo ndiyo niliyokuwa nikiyasema mimi, na labda aliyasikia mara ya kwanza chumbani mwangu alipokuwa akimsindikiza babaye.

Basi, msomaji, ikiwa wewe au mzazi wako ana ugonjwa wa moyo, au figo zimeanza kushindwa, au anasafishwa damu kwa mashine, kiasi cha maji ni dawa kama tembe zilivyo dawa. Kinapimwa na anayemtibu, hakitoki redioni wala kwenye simu. Wazee wanaotumia dawa za presha za kuwafanya wakojoe wana hatari ya ziada, kwani dawa hizo zikichanganyika na maji mengi mno zinaweza kushusha chumvi ya sodiamu katika damu. Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla, usiseme ni uzee. Mpeleke akapimwe.

Hata mwili wenye afya una mpaka wake. Figo nzima haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Ukiyamiminia mwili maji haraka kuliko hapo, na hutoi jasho, damu hupata wepesi, maji huingia katika chembechembe za mwili, na ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Kichwa huuma, mtu hutapika, huchanganyikiwa, hupatwa na kifafa, na pengine hufa. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walitoa damu ipimwe walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa wamepungukiwa na sodiamu. Mkimbiaji mmoja wa mwaka huo alifariki kwa sababu hiyo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa mwendo wa polepole waliokunywa katika kila kituo kwa kuwa waliambiwa wanywe, hata uzani wao ukaongezeka mbioni. Kwa hiyo ushindani wa kunywa maji, unaofanywa na vijana siku hizi kwa mzaha, si mzaha.

Hapa kwetu wanaolazimishwa maji kuliko wote ni watoto wachanga. Kila msimu wa joto huletewa mtoto wa miezi miwili au mitatu ambaye nyanya yake amempa maji kwa kijiko kwa kuwa "koo limekauka." Nawaheshimu akina nyanya, wamelea wengi kuliko mimi, lakini hapa nawakatalia. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 88 hivi. Mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji tone la maji mpaka atimize miezi sita, awe yuko Limuru kwenye baridi au Lodwar kwenye jua. Tumbo lake ni dogo. Likijaa maji halina nafasi ya maziwa, mtoto hanyonyi, na maziwa ya mama nayo hupungua. Maji yasiyo safi humletea kuhara. Na yakizidi, figo zake changa haziwezi kuyatoa, akapatwa na kifafa kama wale wakimbiaji. Hatari hiyo hiyo inampata mtoto wa maziwa ya mkebe ambaye mamake, kwa sababu ya bei, huongeza maji ili mkebe ufike mwisho wa mwezi. Najua sababu yake na simlaumu, lakini afadhali aje aniambie ana shida ya maziwa kuliko kuyazimua. Katika joto anayepaswa kuongezewa maji ni mama anayenyonyesha.

Mtoto anayehara ni suala tofauti kabisa, na hapo kuchelewa kunaua. Lakini hata hapo maji matupu hayatoshi, kwa sababu anachopoteza ni maji pamoja na chumvi. Mpe maji ya unga wa ORS, na usome pakiti uone ni ya kuchanganywa na maji kiasi gani, maana kuna za nusu lita na kuna za lita nzima. Mwenye umri chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kikombe. Akitapika ngojea dakika kumi, kisha uendelee taratibu zaidi. Kama unga haupo usiku huo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa juu. Usizidishe chumvi. Aendelee kunyonya na kula, na zahanatini aongezwe tembe za zinki za siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, ngozi ya tumbo ikivutwa ikarudi polepole, au akilegea asiweze kunywa, usingoje kupambazuke.

Nimesema kiu hutosha kwa mtu mwenye afya. Wapo ambao haitoshi. Wazee, kiu yao hupungua na umri, kwa hiyo awekewe kikombe karibu naye na akumbushwe, ila yule niliyemtaja mwenye moyo dhaifu afuate kipimo chake. Wenye ugonjwa wa selimundu na wale waliowahi kutokwa na mawe ya figo wanahitaji maji mengi kila siku bila kungoja kiu. Wafanyakazi wa mjengo, wakata miwa na wachuma chai wanywe kikombe kila dakika 15 hadi 20 jua likiwa kali, bila kupita lita moja na nusu kwa saa, wale na chakula chao chenye chumvi ya kawaida, na wapewe kivuli cha kupumzikia. Mnyapara anayewaona wavivu kwa kuketi dakika tano aelewe kwamba mtu aliyezidiwa na joto hadi akaanza kupayapaya yuko karibu na kufa. Kwa wanaofunga Ramadhani, maji yagawanywe kuanzia futari hadi daku badala ya kuyamimina yote dakika za mwisho. Na ikiwa kiu yako haikatiki hata ukinywa, unaamka usiku mara nyingi kukojoa na nguo zimeanza kupwaya, usiongeze maji tu, kapimwe sukari.

Mgonjwa wa pili niliyeahidi kumtaja ni mama anayeuza viazi na kabeji sokoni. Huwasili saa kumi na moja alfajiri, huondoka saa moja jioni. Katika mwaka mmoja alikuja kwangu mara nne akiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na mara zote nne nikampa viuavijasumu na ule ushauri wangu wa glasi nane. Mara ya tano nilikuwa nimekwisha kuonana na mwalimu yule mstaafu, nikaweka kalamu chini nikamuuliza hunywa nini kwa siku.

"Kikombe cha chai nikiamka, kingine nikirudi nyumbani."

"Mchana kutwa hunywi kitu, mama?"

"Daktari, nikinywa nitaenda kuyatoa wapi?"

Soko lina vyoo viwili vya wanawake. Kimoja mlango wake haufungi. Cha pili kina kufuli, ufunguo uko kwa mtu ambaye hufika saa mbili, na kila anayeingia hulipa shilingi kumi. Akiondoka lazima amwombe jirani amchungie viazi, na jirani akiwa na wateja viazi vinakwenda. Ndiyo maana alikuwa amejifunza kukaa saa kumi na nne bila kukojoa, na wenzake wote wamejifunza hivyo. Nilikuwa nikimwandikia dawa ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mlango.

Ushahidi upo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara na maambukizi haya na waliozoea kunywa kidogo waligawanywa mafungu mawili. Walioongeza lita moja na nusu za maji kwa siku waliugua mara chache zaidi, karibu nusu ya wenzao. Kwa mama wa viazi, basi, maji ni tiba kweli. Lakini glasi sita zinazoingia lazima zitoke, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inamwahidi kila mtu maji safi ya kutosha na pia viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira. Huduma hizo zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mama huyu hulipa ushuru wa soko kila siku iendayo kwa Mungu. Sioni kwa nini alipe tena shilingi kumi kwenda msalani, na sioni kwa nini sisi madaktari tunaalikwa katika siku za afya kuwahubiria watu maji, lakini hatusemi neno juu ya vyoo vya masoko, vituo vya matatu na shule. Wapo wasichana wanaoshinda na kiu hadi saa kumi jioni kwa sababu hiyo hiyo. Maadamu serikali ya kaunti hutualika, tuseme tukiwa pale pale jukwaani.

Kuna na gharama. Familia ya watu sita ikitii hesabu ya glasi nane inahitaji lita 12 za kunywa kila siku, zaidi ya nusu ya mtungi wa lita 20, kabla ya kupika wala kufua. Mahali maji yanaponunuliwa kwa mtungi na kuchemshwa kwa makaa ya kununua, ushauri huo una bei, na mtu asiyeimudu hunywa yasiyochemshwa. Afadhali anywe lita moja na robo iliyo safi kuliko mbili za kipindupindu, na tulikumbushwa hivyo mlipuko ulipozuka Oktoba 2022. Maji yakitokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Sisi wa nyanda za juu, kama Eldoret na Nyahururu, tuyaache dakika tatu. Au tumia klorini kwa kipimo kilichoandikwa, ungoje nusu saa.

Kwa wenzangu wa Bonde la Ufa lazima niongeze hili. Visima vingi vya Nakuru, Naivasha na Baringo vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani floraidi hukolea. Kadiri mtoto anavyokunywa maji hayo kwa wingi ndivyo anavyoipata kwa wingi, kwa hiyo mtungi wa kukinga maji ya mvua ni mali kubwa kwa nyumba yenye watoto, na hata vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilivitengeneza hapa hapa, husaidia mradi vibadilishwe kwa wakati.

Anayetaka kipimo cha kujichunguza bila glasi, atazame mkojo wake mchana. Ukiwa na rangi ya majani makavu yaliyofifia, maji yanatosha. Ukiwa kama chai ya rangi, kunywa. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba kutwa nzima, pumzika kidogo. Anayemeza dawa za kifua kikuu asishtuke ukigeuka rangi ya chungwa, ni dawa. Lakini ukiwa mweusi pamoja na homa, una damu, au macho yamekuwa manjano, hilo si suala la maji, nenda hospitali.

Sasa, ndugu dereva. Kunywa chai yako Kericho kabla ya kuondoka, weka maji karibu, piga funda ukisikia kiu, na ufidie ukifika Nakuru. Kuhusu ile chupa ya plastiki unayoiweka mbele ya kioo, kwamba umeambiwa jua huigeuza kuwa sumu, hofu hiyo imekuzwa. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kimaasai ambao chupa zao za plastiki za maji ziliwekwa juu ya paa ili jua liue vijidudu, nao walihara kwa uchache kuliko wenzao. Njia hiyo bado inatumika: chupa angavu, maji yasiyo na tope, saa sita za jua kali, au siku mbili mawingu yakitanda. Chupa iliyo nyuma ya kioo cha gari haipati faida hiyo, maana kioo huzuia miale inayoua vijidudu, kwa hiyo tia maji ambayo tayari ni safi. Plastiki ikikaa kwenye joto kwa majuma mengi huweza kuachia kemikali kidogo sana na kubadilisha ladha, basi usiyaweke maji yale yale mwezi mzima. Yabadilishe kila siku, na unapoiosha chupa usisahau kifuniko, kwa kuwa hapo ndipo vidole vya makanga wako hushika.